Pasta Alisema Tuombe, Nikaacha Nati Tatu

Gurudumu la mbele kushoto lilichomoka kwenye kona ya tatu.

Nililiona likikimbia peke yake. Likaipita gari yake yenyewe, likagonga uzio, likarudi uwanjani linadunda, mpaka likachoka na kulala kwenye majani.

Gari ilikuwa tayari ukutani.

Watu wote jukwaani walisimama. Mama mmoja wa kwetu alianza kuita jina la Yesu bila kupumua. Mimi nilikuwa nimeshika simu narekodi, na mkono wangu haukushuka... nilibaki narekodi ule moshi kama mjinga.

Kwa sababu mimi nilijua.

Lile gurudumu nililifunga mimi. Lilikuwa na nati tano. Nilikaza mbili.

Ndugu zangu mnaonifuata huku, mnanijua. Mimi ni Ombeni wa Columbus, yule mwenye mdomo. Siku za kazi napanga maboksi kwenye kampani moja kule Gahanna, karibu na uwanja wa ndege. Jumapili saa tisa mchana, watu wakishatoka kanisani na kula bugali, nafungua laivu na kundi letu linaingia. Wako wa Louisville, wako wa hapa Columbus, wako wa Buffalo.

Hatuongei mpira. Mpira una watu wake wa kutosha. Sisi tunaongea stock car, zile gari zenye sura ya gari ya kawaida lakini ndani ni vyuma vitupu, zinazunguka uwanja zinakata kushoto, kushoto, kushoto, mpaka unajiuliza dereva hapati kizunguzungu.

Na mimi kwenye laivu nilikuwa mkali. Dereva akikosea kona, namchana. Timu ikichelewa kubadilisha matairi, naichana. Watu walicheka, wakatuma mioyo, wakaniita Mwalimu. Nilikuwa nawaambia kila wiki, tusioneane haya, aliyekosea atajwe jina.

Kumbe nilikuwa najichimbia kaburi.

Bon. Tulikuwa na mtoto wetu kwenye hizo mbio. Ganza, miaka ishirini na mbili, wa Louisville. Wazazi wake walitoka milimani kule Kivu ya Kusini, yeye alifika Amerika akiwa bado ananyolewa na mama yake. Alianza kukimbia kwenye uwanja mmoja mdogo ng'ambo ya mto, upande wa Indiana. Siyo zile mbio kubwa za kwenye televisheni. Lakini kwetu sisi, jina la Ganza limeandikwa kwenye mlango wa gari, ilitosha kabisa.

Na gari yenyewe nayo ilikuwa na baba, siyo baba wa Ganza, baba wa gari.

Papa Zihindula. Mzee wa Bukavu, anaishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, gareji yake iko nyuma ya nyumba. Gari ilifika kwake imekunjamana kama karatasi. Aliinyoosha winter nzima, theluji imefika magotini, kahita kadogo ka kuota joto kanamlia mguuni. Wakongomani wote wa Buffalo walikuwa wanapeleka gari zao kwake. Ukimuuliza mtu yeyote kule fundi wa kuaminika ni nani, hafikirii mara mbili.

Huyo mzee hakuwa na shamba, hakuwa na diploma, Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Alikuwa na hilo jina tu: fundi Zihindula hakosei.

Ndilo nililolichukua.

Sasa nisikilizeni vizuri, ni Jumamosi ya mbio, mchana, jua kali. Papa Zihindula alikuwa ameendesha kutoka Buffalo, akanichukua Columbus, tukashuka wote mpaka Louisville tunaimba nyimbo za kanisa. Mimi kazi yangu kwenye timu ilikuwa magurudumu ya kushoto.

Dakika kumi kabla ya kuanza, mzee akaona tairi ya mbele kushoto inapoteza upepo polepole.

"Ombeni, badilisha hii haraka."

"Sawa, Papa."

Nikatoa, nikaweka nyingine. Nikazishikiza nati zote tano kwa vidole, nikachukua bunduki ya upepo, ile mashine ya kukazia nati. Trrr, ya kwanza. Trrr, ya pili.

Hapo Pasta akafika.

Pasta wa Louisville, suti ya bluu kwenye joto lile, Biblia kwapani. Akainua mkono.

"Wapendwa, kabla mutoto wetu hajaingia, tuombe."

Wale ambao hamkukulia kwetu, niwaeleze. Ukisikia "tuombe", unaacha ulichoshika. Hakuna cha subiri kidogo. Mama anaacha sufuria motoni. Mtu akiendelea kupiga makelele ya mashine na Pasta ameinua mkono, ni kama amemtukana Mungu, Pasta na mama yake mzazi kwa mpigo mmoja.

Nikaweka bunduki chini. Tukashikana mikono kuizunguka gari. Macho yakafungwa, yote.

Tukamwomba Mungu ashike usukani. Tukamwomba aifunike gari kwa damu. Pasta akaomba dakika sita, nadhani saba, akaombea na viza za watu.

"Amina!"

Watu wakapiga makofi, Ganza akaingia kwenye gari kupitia dirishani, na mimi mara moja nikakumbuka kitu muhimu sana.

Nikakumbuka sijarekodi.

Ndiyo hivyo. Nilitoa simu mfukoni. Nikaanza: "Watu wa Columbus, watu wa Buffalo, mnaona wenyewe, kijana wetu huyo..."

Wenye uwanja wakaita gari. Papa Zihindula kwa kawaida anazunguka mwenyewe, anashika kila nati kwa mkono wake kabla gari haijateremshwa. Siku ile wanamkaripia kwa Kiingereza, move, move, na yeye ameshika jeki. Akanitazama.

"Ombeni, tayari?"

Sikugeuka hata kuangalia. Nilimwinulia kidole gumba, jicho kwenye simu.

"Tayari, Papa."

Akateremsha gari.

Ganza alikimbia mizunguko kumi na nane.

Hospitalini walituambia amevunjika mfupa wa bega na mbavu tatu. Atapona. Mama yake alikaa chini kwenye sakafu ya koridoo akalia kwa furaha, na mimi nikalia naye. Watu waliniona nalia wakasema Ombeni ana upendo.

Papa Zihindula hakulia. Alinishika mkono, akanivuta pembeni, karibu na mashine ya soda.

"Mutoto wangu. Ile gurudumu ya kushoto. Ulikaza nati zote?"

Hapa ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa mimi na yeye tu. Angenigombeza, pengine angenipiga kofi, halafu tungeingia kwa Ganza tukapiga magoti pamoja. Nimelifikiria hilo mara nyingi sana.

"Ndiyo, Papa."

"Niangalie."

Nikamwangalia.

"Zote tano?"

"Kwa jina la mama yangu, Papa. Zote tano."

Mama yangu alifia Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, sina baba, sina mjomba. Waliochimba kaburi walikuwa wanaume wanne wa kambi ile, na mmoja wao ndiye huyu aliyesimama mbele yangu kwenye ile koridoo.

Akatikisa kichwa polepole.

"Bon. Basi ni vile vyuma vinavyoshika nati. Nilivitoa kwenye gari ya zamani, nikavifunga mimi mwenyewe. Donc mwenye kosa ni mimi."

Nilimnunulia soda.

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Nikajiambia sitafungua laivu. Lakini kuanzia saa saba simu ilikuwa inatetemeka tu. Mwalimu uko wapi? Mwalimu, tunangoja. Nikafikiri, nisipofungua watajiuliza kwa nini. Nikafungua. Hawajawahi kuwa wengi vile, watu mia tatu na zaidi, nyumba nzima nzima zimekaa kwenye simu moja.

Wa kwanza kushika maneno alikuwa Hyacinthe wa Kensington-Bailey, Buffalo. Huyu akiongea unaweka simu mbali na sikio.

"Mimi nasema dereva! Tangu muzunguko ya kumi alikuwa anakata kona sawa na mutu anatafuta parking ya kanisa. Ameigusa ukuta mara mbili!"

"Aliigusa mara moja," akasema Laurentine wa Louisville. Laurentine anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, anaongea taratibu lakini anauma. "Na timu ilimuona. Ju ya nini haikumuita aingie wamuangalie gari? Hapo kosa ni ya nani?"

"Angeingia angepoteza nafasi!"

"Sasa ameipata nafasi, kwa kitanda ya hospitali."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaona haya.

Ubishi ukaenda hivyo nusu saa. Tairi zilikuwa za zamani. Hapana, zilikuwa mpya. Ganza ana haraka. Hapana, Ganza anangojea sana. Mwingine akasema kuna mtu ameitupia jicho baya gari yetu. Nilikuwa nasikiliza nikiomba wabishane mpaka giza liingie.

Halafu Laurentine akauliza lile swali.

"Mwalimu, weye ulikuwa pale. Gurudumu haitoki yenyewe. Nani mutu wa kulaumu?"

Niliona Papa Zihindula naye ameingia, jina lake liko pale chini, anasikiliza.

Nikakohoa.

Ndugu zangu, sikusema uongo wowote. Ndiyo ubaya wake. Nilisema kitu ambacho nimekisema kwenye kila mbio tangu nianze laivu.

"Sheria ya mbio inajulikana. Gari ikiingia uwanjani, anayeiruhusu ni fundi mkuu. Anatakiwa kushika kila nati kwa mkono wake. Jana hakushika. Sitaki kumtaja mtu, ila tusioneane haya."

Sitaki kumtaja mtu! Mimi huyo.

Halafu sauti ya mzee ikaingia, iko mbali, kama mtu anayeongea na simu ya jirani.

"Ni kweli. Ombeni anasema kweli. Sikushika. Na vile vyuma vilikuwa vyangu. Mama Ganza, unisamehe. Mutoto wako, ningemuua."

Akatoka.

Na hapo ndipo watu wakaanza. Fundi gani huyo? Amezeeka, macho yameisha. Mimi alinitengenezea breki mwaka jana, Mungu tu amenilinda. Mmoja akaleta ule ugomvi wa makabila wa kule nyumbani, akaandika kwamba mtu wa Bukavu alipewaje gari ya mtoto wa milimani, ati alikuwa na nia yake. Hilo nilifuta na huyo mtu nikamtoa kundini. Nilijisikia mtu mwema kwa dakika mbili nzima.

Nilipofunga laivu mke wangu Nsimire alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

Ilikuwa Juni. Akaenda kukunja nguo.

Wiki ya kwanza nilikuwa sili. Wiki ya pili nikaanza kusikia habari kutoka Buffalo. Binamu yake Nsimire amepeleka gari kwa fundi mwingine. Familia ya kanisani kwa mzee nayo imepeleka kwingine. Kuna mama mmoja alikwenda gareji kuchukua gari yake kabla haijamalizwa, ikaondoka inapiga kelele vilevile, afadhali hiyo kelele kuliko mkono wa Zihindula.

Kila Jumapili watu wananisifu. Mwalimu, ulisema ukweli, mwingine angemwonea mzee haya.

Wiki ya tatu, Jumatano, nikiwa kazini kwenye mapumziko, simu ikaita. Yeye.

"Mutoto wangu, habari ya kazi?"

"Nzuri, Papa. Habari ya Buffalo?"

"Tunamshukuru Mungu. Weye unajua mambo ya simu. Unaweza kuniwekea vifaa vyangu kwa internet? Nataka kuviuza."

"Vifaa gani, Papa?"

"Vyote. Nimefunga. Mikono yangu naiogopa siku hizi. Nikikaza kitu, nakiangalia, narudi tena kukiangalia. Jana nimeamka kuangalia gurudumu ya jirani, na haikuwa hata gari niliyotengeneza."

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Mimi nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka bosi akatuma mtu kunitafuta.

Siku hiyo nilimwambia Nsimire. Jikoni, anakaanga samaki, nimesimama nyuma yake kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilimwambia yote, na kiapo nikamwambia.

Alizima jiko.

"Nilijua kuna kitu. Sikujua ni kikubwa hivi."

"Unaniamini?"

"Ndiyo nakuamini. Miaka sita nimekaa na weye, hujawahi kunibebea hata mufuko wa chumvi. Leo ndiyo uanze kubeba makosa ya batu?"

Hakuwa anatania. Akaniambia nitubu kulekule nilikomwangushia mzee, mbele ya watu walewale.

Jumapili ikafika. Nikafungua laivu. Moyoni nilijisikia mwepesi, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nikajiambia watanitukana, Hyacinthe atapiga kelele, wataniita muuaji, na mzee atapata jina lake. Nilikuwa tayari. Nawaapia... hapana, siapi tena. Nilikuwa tayari, basi.

"Leo hatuongei mbio za jana," nikaanza. "Naongea ile ajali ya Ganza. Papa Zihindula hakukosea. Ni mimi. Lile gurudumu nilikuwa nalifunga mimi. Pasta alipoita maombi nilikuwa nimekaza nati mbili. Baada ya amina nilianza kurekodi, nikasahau zile tatu. Mzee aliniuliza, nikamwambia tayari. Hospitalini aliniuliza tena, nikamdanganya."

Nikasubiri matusi.

Ujumbe wa kwanza ukaingia: *Amina.*

Wa pili: *Ombeni, Mungu akubariki.*

Halafu mioyo ikaanza kupanda kwenye skrini, mingi, myekundu mitupu.

Hyacinthe akaja na sauti yake, na nilisikia analia.

"Batu ya Mungu, munaona hii? Huyu ni kijana wa namna gani? Anaona muzee anateseka, anasema nibebe mimi. Hii ni upendo ya Kristo kabisa."

"Hyacinthe, sibebi kitu. Nakuambia ilivyokuwa."

"Acha, acha kaka. Tumeelewa."

"Hamjaelewa! Ni mimi!"

Laurentine akaingia, taratibu kama kawaida yake.

"Ombeni, tunakujua. Weye kama umekosea, ungesema siku ileile. Nani hapa anasema ukweli kuliko weye? Ungejitaja wa kwanza. Donc usitudanganye kwa ajili ya huruma."

Ningemjibu nini? Ningemwambia hapana, mimi ni mwongo, mnifahamu upya?

Nikamtafuta Ganza. Alikuwa ndani, anaongea kutoka kitandani kwake, bega limefungwa.

"Ganza, mdogo wangu, weye niamini."

"Yaya Ombeni, kaka yangu, please. Ni sawa. Mzee alishasema ni yeye, na nimemsamehe. Usijiumize."

Mtu mmoja akasema tupige kura. Kura ya nini? Gari inanyooshwa na mafundi wengine, Ganza atarudi mwakani, timu haina mkuu. Kabla sijashika kichwa, majina yanamiminika chini: Ombeni. Ombeni. Mwalimu Ombeni.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Nilikwenda kuungama nikatoka na cheo.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaondoka asubuhi. Columbus mpaka Buffalo ni saa tano na ushee. Njia nzima nilikuwa na wazo moja. Watu wa laivu wasiniamini, sawa. Yeye ataniamini. Yeye aliniuliza akinitazama machoni, atakumbuka sura yangu, atasema kumbe! Na akishajua mikono yake haina kosa, atafungua gareji hata watu wakinuna, polepole watarudi.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi, amevaa yale mavazi ya kijani ya wanaotunza wazee. Ameanza kazi hiyo wiki ileile. Mzee wa miaka hamsini na tisa, anakwenda kuwageuza wazee wenzake vitandani.

"Karibu, mutoto wangu. Umekuja bila kupiga simu?"

"Nimekuja kuongea, Papa."

"Kula kwanza."

"Siwezi kula."

Tukaingia gareji. Ilikuwa imefagiwa safi mpaka nikaogopa kukanyaga. Vifaa vimepangwa kwenye masanduku mawili, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa.

Nikapiga magoti pale kwenye sementi. Nikamwambia. Sikuacha kitu: nati mbili, maombi, simu, kidole gumba, mashine ya soda. Nikamwambia vyuma vyako vilikuwa vizima, Papa. Ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalijaa machozi. Nikasema moyoni, asante Yesu, sasa ananichukia.

Akaniinua kwa mabega.

"Nilisikia laivu jana. Nilijua utakuja na huku."

"Papa, ni kweli."

"Ombeni."

"Ni kweli, Papa. Naomba uniamini."

"Uliniapia kwa mama yako." Aliongea polepole sana. "Mimi nilimshika miguu tukimteremsha. Ulikuwa umesimama pale na sweta ya watu, hata haikutosha mikono. Mutoto niliyemuona siku ile hawezi kumuapia mama yake uongo. Batu bote duniani wanaweza. Weye hapana."

"Niliweza, Papa. Niliapa."

"Bon. Inatosha."

Akanikumbatia. Nilijaribu kujitoa, nikaona nitamwangusha. Alinishika kichwa kama mtoto, akaniambia sasa nimekuwa mwanaume, mwanaume ni yule anayejua kumfunika mkubwa wake aibu.

Halafu akainama, akabeba sanduku la kwanza, akaenda kulitia nyuma ya gari yangu. Nikamkimbilia.

"Papa, hapana. Hivi ni vyako."

"Weye ndiye mukuu sasa. Sitaviuza kwa mutu nisiyemjua."

"Sivitaki!"

"Chukua," akasema, na sauti ilikuwa ya mzazi, ile ambayo kwetu hujibizani nayo. "Nitalala vizuri nikijua viko kwa mikono safi."

Akarudi kuchukua la pili.

Niliondoka Black Rock na vifaa vyote vya maisha yake kwenye buti. Vinagongana kila nikipita shimo.

Hii ni mara ya pili naandika habari hii hapa. Mara ya kwanza watu kumi na mmoja waliandika *amina* kabla hata hawajafika kwenye maombi ya Pasta, nikaifuta.

Mnataka somo? Somo langu ni hili. Kosa langu Jumamosi ile lilikuwa la kusahau, mtu yeyote angelisamehe kabla ya Jumapili kuisha. Mimi nilililaza siku ishirini na mbili nikingoja ujasiri, na nilipoliamsha halikuonekana tena kama kosa langu. Ninyi mnaoficha kitu leo mkisema nitasema wiki ijayo, wiki ijayo hamtakuwa na mtu wa kuwasikia. Semeni leo, watu wangali wanaweza kuwakasirikia.

Na kwenu ndugu zangu wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo: msiniwekee mioyo hapa chini. Msiandike nina upendo. Cheo chenu nimekirudisha, masanduku yako sebuleni kwangu, sijayafungua na sitayafungua.

Namba ya mzee mnayo. Anatoka kazini saa kumi. Mpigieni yeye, mmoja mmoja, mkiwa mnaniamini kweli. Mwambieni achukue tena vifaa vyake. Na akiwauliza kuhusu mama yangu, kwa sababu atawauliza, mwambieni niliapa uongo.